Filta ya mafuta: dalili huja zikiwa zimechelewa

Mafundi hawakubaliani kuhusu filta ya mafuta, yaani kichujio cha petroli au dizeli inayokwenda kwenye injini. Wapo wanaoibadilisha kwa kuhesabu kilomita, na wapo wanaosema iachwe mpaka gari lenyewe lionyeshe dalili. Hawa wa pili wana hoja. Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana filta iliyofungwa pamoja na pampu ndani ya tanki, na mara nyingi mtengenezaji hakuipangia muda wa kubadilishwa. Kuifungua bila sababu ni kazi kubwa, na sili ikikaa vibaya petroli itanuka ndani ya gari.

Lakini filta inayoanza kuziba haizimi gari. Kwenye tambarare injini inahitaji mafuta kidogo, nayo yanapita. Ukipanda mlima na mzigo ndipo gari linakosa nguvu na kuanza kushtukashtuka. Kufikia hapo pampu imeshasukuma kwa taabu muda mrefu, na pampu ya ndani ya tanki hupozwa na mafuta hayo hayo inayoyasukuma. Yakipita kidogo, inapata joto. Mwenye gari ananunua plagi, kisha pampu, wakati kilichoziba ni karatasi ya kuchujia iliyo ndani ya filta.

Kwenye dizeli sioni hata cha kubishania. Mifumo ya komoni reli, ambamo nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa, husukuma mafuta kwa presha inayoweza kufika baa 2,000 na zaidi, na nafasi kati ya vyuma vya ndani ya nozeli, zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, ni maikroni chache tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Unywele wa binadamu una kama 70. Chembe usiyoweza kuiona inatosha kuvikwangua. Tena filta ya dizeli hutenga maji, na maji hayalainishi chuma, yanakitia kutu.

Kibaya zaidi ni kupuliza filta ya zamani kwa kompresa na kuirudisha. Uchafu ulionasa katikati ya karatasi hautoki wote, na upepo unaweza kuitoboa. Gari linapata nguvu, mwenyewe anashukuru, kumbe uchafu umefunguliwa njia hadi kwenye nozeli.

Filta ya petroli iliyo nje ya tanki haina ugumu: chomoa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe ili presha ishuke, toa waya wa hasi wa betri, kisha funga mpya mshale ukielekea injini. Ya dizeli, ukishafunga mpya, mfumo utolewe hewa, mara nyingi kwa pampu ya mkono. Iliyo ndani ya tanki, fuata kitabu cha gari. Nyingine zote hesabu kilomita, na ukishuku mafuta unayojaza, usizingoje zitimie.