Mtoto wa Kaka Yangu si Mzito

Karafuu zikiiva kwetu Pemba, mama huweka pishi barazani baada ya laasiri na wachumaji huja mmoja mmoja na mapolo yao. Msimu uliopita mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 10, ndiye aliyekaa ubavuni mwake. Mama anapima, yeye anatoa hesabu kwa kichwa: huyu pishi saba na nusu, lakini juzi alichukua pesa ya unga, mkatie, kinachobaki ni hiki. Jioni nzima hakukosea, wala hakugusa kalamu.

Baada ya isha nikampa kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili. Yeye yupo la nne. Palipoandikwa "dada" akasoma "baba". Mtoto anayeanza kusoma akichanganya b na d si ajabu, lakini huyu hakuanza jana. Alipofika kwenye "walipomfundisha" akakwama. Aliunga silabi moja moja, na alipoikaribia ya mwisho alikuwa ameshasahau alikoanzia. Jasho lilikuwa likimtoka, naye kakaa chini ya feni.

Ripoti zake zote zinasema "Aongeze bidii". Kaka alipokwenda kuuliza skuli aliambiwa mtoto ni mzito, na wapo wengi wa namna yake. Nilikasirika, na hasira sijaimaliza. Lakini sitaki kumtwika mwalimu yule peke yake. Ana watoto zaidi ya 70 mbele yake, na hakuna aliyewahi kumfundisha jina la kitu anachokitazama kila siku.

Jina lake ni disleksia. Ubongo unapata tabu kuambatanisha sauti na herufi, basi. Macho ni mazima, akili ni nzima, na hapana shetani wa kupungwa. Mwaka 1896, mwaka uleule mji wa Unguja ulipopigwa mizinga na manowari za Waingereza, daktari wa hukohuko Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika kwenye jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwepesi wa hesabu lakini hawezi kusoma. Mwalimu wa kijana huyo alisema kama masomo yangekuwa ya mdomo tu, angewapita wenzake wote. Nilipoisoma habari hiyo niliiona baraza yetu.

Tena ni jambo linalotembea katika damu. Kaka yangu mwenyewe aliacha skuli akiwa darasa la sita. Leo ni seremala anayeagiziwa milango na watu wa mbali, vipimo vyote vimo kichwani. Ukimwandikia ujumbe hajibu, hukutumia sauti. Miaka yote hiyo sisi nyumbani tulisema hapendi kusoma, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Kuna sababu ya watoto hawa kupotea machoni petu. Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto mwenye disleksia akivumilia hufika mwisho wa neno, na mara nyingi hulipata sawa. Kinachomsaliti ni mwendo. Mwenzake ameshamaliza ukurasa, yeye yumo mstari wa tatu. Darasani ambako watoto husoma kwa pamoja kumfuata mwalimu, nani atalijua hilo? Anafungua mdomo pamoja na wenzake, anarudia anachosikia. Chuoni anakosoma Kurani ni vilevile. Maalimu wake anamsifu kwa kuhifadhi, naye anahifadhi kweli, kwa sikio. Na tusisahau kwamba siku hiyohiyo mtoto huyu anasoma herufi zinazokwenda kulia na nyingine zinazokwenda kushoto, kisha anaingia kwenye Kiingereza, ambacho maandishi yake hayaaminiki hata kwa msomaji mzima. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Hisabati, kitu pekee alichokuwa akijidai nacho!

Nasema haya nikijua tulikotoka. Elimu bila malipo ilitangazwa hapa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Mwaka 2006 tulipata sheria ya haki za watu wenye ulemavu, na wizarani kuna kitengo cha elimu mjumuisho. Nimewaona watoto wasioona wakisoma nukta nundu kwa vidole na nikafarijika. Ila tumezoea kuutambua ulemavu kwa kifaa chake: fimbo nyeupe, kiti cha magurudumu, kifaa cha masikioni. Huyu wa kwetu hana cha kuonesha isipokuwa buku lililojaa alama nyekundu.

Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa ya hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Ni jambo jema. Lakini mtoto ambaye hakuwahi kupimwa atayaombaje mahitaji yake siku ya mtihani?

Ninachokitaka kwa skuli za serikali ni kwamba kila mtoto, mwisho wa darasa la pili, akae peke yake na mwalimu na asome kwa sauti dakika moja. Hapahitaji mashine. Watakaoonekana wanaburuta wafundishwe katika vikundi vidogo, sauti moja baada ya nyingine, wakiitamka huku wakiiandika mchangani kwa kidole. Wazee wetu waliofundishwa herufi kwa ubao na wino chuoni, mkono na mdomo vikifanya kazi pamoja, hawataliona hilo geni. Na mtoto akiwa la nne asomewe maswali ya mtihani wa sayansi, kwa sababu kinachopimwa pale ni sayansi.

Kaka amekubali tufuatane skuli Jumatatu kuonana na mwalimu mkuu. Ameniomba jambo moja tu: karatasi yoyote watakayotupa, nimsomee mimi, polepole, kabla hajatia sahihi.