Kombe au basi la Jumamosi: ligi za midahalo za miji ya Marekani zimtangulize nani?

Kila mkurugenzi wa ligi ya midahalo katika jiji la Marekani hufika mahali bajeti inapomlazimisha kuchagua. Fedha zilizobaki zinaweza kuwapeleka wanafunzi wanne hodari kwenye mashindano ya kitaifa: nauli ya ndege, hoteli, ada ya kushiriki, na kabla ya hapo kambi ya mafunzo ya kiangazi chuo kikuu, ambayo gharama yake kwa mtoto mmoja hufika maelfu ya dola. Fedha hizohizo zinaweza kumlipa posho mwalimu mlezi katika shule ambayo haijawahi kuwa na klabu, na kukodi basi la kuwabeba kila Jumamosi ya mashindano wanafunzi ambao hawajawahi kusimama mbele ya watu na kutetea jambo. Bodi inataka yote mawili, lakini fedha hazitoshi. Mimi nasema basi litangulie. Ila wanaosema kombe litangulie wana hoja nzito kuliko tunavyozoea kukiri, na itabidi tuzisikilize kwanza.

Mdahalo unaozungumzwa hapa si ule wa kupandisha watu wawili jukwaani siku ya mahafali. Ni mdahalo wa sera: timu ya watu wawili dhidi ya wawili, mada moja kwa nchi nzima kwa mwaka mzima wa masomo, upande mmoja ukipendekeza serikali ichukue hatua fulani na mwingine ukipinga. Kila msemaji ana dakika 8 za hotuba kuu, dakika 3 za kuhojiwa na mpinzani, kisha dakika 5 za kujibu. Raundi moja hukaribia saa moja na nusu. Mwanafunzi hajui atapangiwa upande gani raundi inayofuata, kwa hiyo lazima awe na ushahidi wa pande zote mbili, ameusoma na anaweza kuutetea.

Kwa miongo mingi mchezo huu ulikuwa wa shule zenye fedha. Mwaka 1985 Melissa Maxcy Wade, aliyekuwa akiongoza midahalo katika Chuo Kikuu cha Emory, alianza kuupeleka katika shule za umma za Atlanta, kwa watoto ambao wengi wao walikuwa Weusi na wa familia za kipato cha chini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya Open Society ya George Soros ikatoa fedha za kuanzisha ligi katika miji mingine, New York, Chicago na Baltimore ikiwamo. Mwaka 2002 likaundwa shirika mwavuli, National Association for Urban Debate Leagues, lenye makao Chicago. Ligi nyingi kati ya hizi ni asasi zisizo za kiserikali zinazoingia ubia na mamlaka ya shule za jiji.

Sasa upande wa kombe. Hoja yake ya kwanza ni ya heshima. Watoto wa Baltimore au Newark hawakuomba kupewa mdahalo uliopunguzwa makali. Ukimwambia mtoto kwamba kwake yeye inatosha kushiriki, huku mwenzake wa shule ya kulipia akifundishwa kushinda, umeshampangia daraja kabla hajafungua mdomo. Walioanzisha ligi hizi walishikilia kwamba mchezo uwe uleule, kwa kanuni zilezile na vyumba vilevile. Nadhani walikuwa sahihi, na kiongozi anayelegeza hapo kwa jina la huruma anawaibia watoto wake.

Hoja ya pili ni matokeo yanayoonekana. Mwaka 2008 Deven Cooper na Dayvon Love wa Chuo Kikuu cha Towson, karibu na Baltimore, wakawa timu ya kwanza ya Wamarekani Weusi kutwaa ubingwa wa kitaifa wa CEDA, shirikisho mojawapo kubwa la midahalo ya vyuo vikuu. Mwaka 2013 Elijah Smith na Ryan Wash wa Chuo Kikuu cha Emporia State, Kansas, walitwaa CEDA na NDT, mashindano mengine makuu ya kitaifa ya midahalo ya vyuo vikuu, katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imelifanya. Mwaka uliofuata Ameena Ruffin na Korey Johnson, wa Towson pia, wakawa wanawake Weusi wa kwanza kubeba taji la CEDA. Love hakuishia kwenye kombe. Alirudi Baltimore, akawa miongoni mwa waanzilishi wa Leaders of a Beautiful Struggle, asasi inayochambua sera na kuwabana watunga sheria wa jimbo la Maryland. Mtu mmoja wa aina hiyo anaweza kuligusa jiji kwa njia ambayo washiriki mia wa msimu mmoja hawataigusa, na huwezi kumpata bila kumfikisha ngazi ya juu kabisa ya ushindani.

Hoja ya tatu haisemwi sana kwenye vikao vya bodi, lakini kila mwalimu mlezi anaijua: ngazi ikikosa kilele, walio katikati huondoka. Mwanafunzi wa darasa la kumi anayefanya vizuri akiona hakuna pa kwenda zaidi ya mashindano ya mtaani kwake, atahamia mpira wa kikapu au kazi ya jioni. Akiondoka, wadogo wanampoteza mtu wa kuwaelekeza.

Hoja hizi zote tatu nazikubali. Kinachonifanya nisimame upande wa basi ni kile tunachokijua kuhusu nani hasa anafaidika na mdahalo.

Ushahidi wa mwanzo ulitoka Chicago. Mtafiti wa afya ya umma Briana Mezuk na wenzake walifuatilia rekodi za miaka 10 za shule za jiji hilo, wanafunzi 9,145, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba wanamidahalo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuhitimu sekondari kuliko wenzao wanaofanana nao, na walifanya vizuri zaidi katika ACT, mtihani unaotumika kuomba nafasi vyuo vikuu. Kwa miaka mingi matokeo hayo ndiyo yalinadiwa kwa wafadhili. Lakini msomaji makini angeuliza swali moja: mtoto anayekubali kubaki shuleni hadi jioni kusoma makala za sera, si ndiye yule ambaye angehitimu hata bila mdahalo? Watafiti walijitahidi kulinganisha wanaofanana, lakini bidii ya moyoni haiandikwi kwenye rekodi za shule.

Utafiti wa Boston ulilikabili swali hilo vizuri zaidi. Beth Schueler na Katherine Larned walichukua rekodi za tangu msimu wa 2007–08 hadi 2016–17 na kumlinganisha mwanafunzi na nafsi yake mwenyewe, kabla ya kujiunga na baada ya kujiunga. Alama za kusoma na lugha ziliongezeka kwa kiasi ambacho waandishi wanakikadiria kuwa asilimia 68 ya kile mwanafunzi wa darasa la tisa hujifunza kwa wastani katika mwaka mzima. Ongezeko hilo lilikuwa zaidi katika maswali ya kuchambua kuliko ya kukariri. Hisabati haikushuka, mahudhurio hayakuharibika. Na jambo lililopaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya ligi ni hili: waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na alama za chini kabisa kabla ya kujiunga.

Hapo mizani inainama. Chombo hiki kinafanya kazi kubwa zaidi kwa mtoto ambaye mfumo wa kombe hautamchagua. Mwalimu mlezi anayepimwa kwa makombe atamtafuta msichana ambaye tayari anasoma riwaya mbili kwa wiki na anazungumza kwa kujiamini. Kijana wa kiti cha nyuma, anayesoma chini ya kiwango cha darasa lake, hataitwa. Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Mwalimu anafanya anachopimiwa. Ndiyo maana naona kazi ya mkurugenzi iko kwenye kipimo. Akiripoti makombe, atapata makombe. Akiripoti ni wangapi waliojiunga wakiwa na alama za chini, kila mmoja alicheza raundi ngapi kwa msimu, na wangapi walirudi mwaka wa pili, walimu walezi watabadilisha namna ya kuandikisha watoto bila hata kuitwa kwenye semina.

Ugumu ni kwamba wafadhili wanapenda kombe. Picha ya vijana wanne wameshika taji hukusanya fedha nyingi zaidi katika hafla ya usiku mmoja kuliko jedwali la mahudhurio, na mkurugenzi anayelidharau jambo hili atafunga ofisi mapema. Hata hivyo fedha za hafla na ruzuku za kuanzishia zina tabia ya kuisha. Ligi iliyosimama juu ya fedha za mfadhili pekee huyumba mara mfadhili anapogeukia jambo lingine. Ligi iliyofanya kazi ya polepole ya kuishawishi mamlaka ya shule ilipe posho za walimu walezi na mabasi ina mahali pa kushikia. Chicago ni mfano: kwa miaka mingi ligi yake imeendeshwa kwa ubia na shule za umma za jiji, asasi ikichangisha fedha binafsi na kusimamia mashindano. Nayo njia hii ina gharama yake. Mkuu wa shule za jiji akibadilika, au bajeti ikikatwa, mazungumzo yanaanza upya, na mkurugenzi anajikuta akikaa vikaoni siku nyingi kuliko kwenye madarasa ya mdahalo. Bado nachagua njia hii, kwa sababu mamlaka ya shule ina wajibu kwa watoto wote, na hoja ya basi inaeleweka zaidi kwake kuliko hoja ya kombe.

Jambo la kasi nalipitia kwa ufupi. Katika ngazi ya juu wanamidahalo husoma ushahidi kwa kasi inayoweza kuzidi maneno 300 kwa dakika, karibu mara mbili ya mazungumzo ya kawaida. Mzazi anayeingia chumbani kwa mara ya kwanza haelewi kitu. Wanaoitetea wanasema inafundisha kufikiri haraka; wanaoipinga wanasema inawafukuza wageni. Ligi nyingi zimepata njia ya kati iliyo nzuri: anayeanza hupewa kifurushi kimoja cha ushahidi kilichoandaliwa, sawa kwa shule zote, ili asishindwe na mtu mwenye fedha za kununua utafiti. Kasi ije baadaye kwa anayeitaka.

Suala la kinachosemwa ndani ya chumba ni zito zaidi. Tangu miaka ya 2000, wanamidahalo wengi Weusi wamekuwa wakikataa kuijadili mada kana kwamba wao hawamo ndani yake. Wanaleta maisha yao, muziki, historia ya ubaguzi, na wanauhoji mchezo wenyewe. Ushindi wa Emporia mwaka 2013 ulikuja kwa mtindo huo, na ulizua malalamiko kwamba mada imetupwa. Mkurugenzi yuko katikati: mwanafunzi wake anaukosoa mfumo uleule ambao mfadhili amefanikiwa ndani yake. Wapo wanaotaka ligi zizuie hoja za namna hii kwa wanaoanza, kwa sababu mtoto anahitaji kwanza kuijua sera ya afya au ya nishati. Sababu hiyo ina maana ikiwa inahusu mpangilio wa mafunzo. Ikiwa inahusu kumtuliza mfadhili, mkurugenzi hana budi kusimama na mwanafunzi, maana huwezi kumfundisha mtoto kujenga hoja kisha ukamwambia hoja yake kuhusu maisha yake mwenyewe hairuhusiwi.

Kuna watoto wengine wa viti vya nyuma ambao sisi wasemaji wa Kiswahili tunawajua. Katika miaka kadhaa kati ya 2016 na 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao wanatoka mashariki, ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Watoto wao wamekaa katika shule za umma za miji, wakiwa kwenye madarasa ya wanaojifunza Kiingereza, wakinyamaza. Wengi wamekulia mahali ambapo kuzungumza kwa hoja mbele ya wazee ni adabu inayofundishwa mapema. Baadhi ya ligi zimeshafungua mashindano ya Kihispania kwa wanafunzi wa aina hiyo. Sioni sababu ya ligi yenye shule kadhaa za watoto wa Kikongo kutojaribu raundi za Kiswahili kwa mwaka wa kwanza, zikiwa na mada ileile, muda uleule na kanuni zilezile. Waamuzi wapo: wauguzi, madereva, wachungaji na wanafunzi wa vyuo kutoka Bukavu, Mombasa na Kigoma wanaoishi katika miji hiyo. Ushahidi utalazimika kutafsiriwa, na hiyo ni kazi ya kweli inayohitaji kulipiwa, lakini gharama yake haitazidi sana ile ya safari moja ya mashindano ya kitaifa.

Kwa upande wa kombe naweka sharti moja: mlango wa juu usifungwe. Kila ligi itenge fungu dogo, lisilozidi kiwango kilichoandikwa kwenye bajeti, kwa ajili ya wanaopanda, na wanaolipiwa kambi na safari wawajibike msimu unaofuata kuwafundisha wanaoanza katika shule mpya. Fungu hilo liongezwe pale tu ambapo idadi ya raundi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza haijashuka. Mkurugenzi anayekuja mbele ya bodi na takwimu hiyo mkononi ana haki ya kuomba tiketi za ndege.