Nilikuwa Kitandani, Naumwa

Jumamosi ile kikao cha harusi ya binamu yangu kilikuwa saa kumi, kwa shangazi, Tabata. Mimi nilikuwa Sinza, Barabara ya Shekilango, nawahi mpira. Kwa hiyo nilikuwa naumwa.

Foleni ilikuwa ya kutambaa. Nikaona kwa mwendo ule hata goti lingetosha kushika usukani. Nikafungua grupu la familia, nikabonyeza kale kamaiki, nikaishusha sauti mpaka ikakwaruza: "Shangazi, shikamoo. Leo nimeamka vibaya, hapa nipo kitandani, hata kunyanyua kichwa siwe..."

Puu!

Kichwa kikanyanyuka chenyewe. Mbele yangu guta, jekundu, kubwa kuliko gari langu. Trei za mayai zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli zilikuwa zinalala moja moja juu ya boneti, ute unashuka taratibu unatafuta taa.

"Bosi, umenimaliza!" mwenye guta akalia.

Kijana wa kibanda cha ng'ambo naye: "Braza, subiri nilete chipsi, tupige zege hapo hapo!"

Afande akafika, mama mmoja mpole. Wapole ndio wabaya.

"Dereva, leseni. Ulikuwa na simu?"

"Hapana, afande." Simu ilikuwa mapajani, inawaka.

"Uliitazama muda gani?"

"Sekunde tatu tu. Na mwendo wenyewe ishirini."

Akarudi nyuma akihesabu hatua, akasimama mbali kweli. "Kwa 20, gari linakula mita tano na nusu kila sekunde. Kuanzia hapa nilipo mpaka kwenye mayai ya watu, ulikuwa unakuja umefumba macho."

Faini 30,000. Nikalipa na trei tisa, yakiwemo mayai mawili yaliyopona, ambayo mwenyewe aligoma kunipa.

Nilipookota simu ndipo nikaona. Ule mshtuko uliteleza na kidole changu hadi kwenye kile kikufuli, na simu ilikuwa bado inarekodi. Dakika nne na ushee: puu, kilio, zege, afande, hesabu za mita. Nikakimbilia kufuta. Kidole chenye ute hakina adabu, kikagusa mshale.

Tiki mbili. Za buluu.

Kimya cha dakika tano. Kisha shangazi: "Pole kwa kuumwa, mwanangu. Kikao kimepitisha, mayai ya harusi unaleta wewe. Trei 20. Uje na daladala."