Springi za Glenn Dunaway: alionewa au alistahili?

Tuanze na siku yenyewe. Jumapili tarehe 19 Juni 1949, Charlotte, North Carolina, uwanja wa udongo mtupu wenye mzunguko wa robo tatu ya maili, yaani kama kilomita 1.2 hivi, magari 33, raundi 200, zawadi jumla dola 5,000 na wa kwanza anaondoka na 2,000. Hii ndo mbio ya kwanza kabisa ya ile ligi ambayo leo watu wanaijua kama NASCAR Cup, ligi kuu ya mbio za magari ya chama cha NASCAR kule Marekani. Aliyemaliza wa kwanza ni Glenn Dunaway, mtu wa Gastonia hapo hapo jirani, na Ford ya 1947, kamuacha wa pili raundi tatu nzima. Wakaguzi wakaingia chini ya gari, wakakuta springi za nyuma zimetiwa kabari, wakamfuta kabisa, wakampeleka mwisho wa orodha, na ushindi akapewa Jim Roper wa Kansas na Lincoln yake.

Zaidi ya miaka 70 imepita na watu bado wanabishana kuhusu zile springi. Mi nimekaa na hili swali muda mrefu na kila nikidhani nimelimaliza linarudi, maana kila upande una hoja yenye uzito.

Kwanza tuelewe kabari ilikuwa inafanya nini. Hiyo Ford ilikuwa ya Hubert Westmoreland, na ufundi ule ulitoka kwa wabeba wiski ya magendo, ile pombe ya mahindi iliyokuwa inapikwa porini kule kusini mwa Marekani, ni ndugu wa gongo na chang'aa. Ukipakia gari pombe limejaa, nyuma inakaa chini, na polisi akiona tu gari limelala nyuma anajua kuna mzigo. Kwahiyo mafundi walikuwa wanazikaza springi ili gari lenye mzigo likae sawa kama halina kitu. Yeyote aliyeona Probox za miraa zikitoka Meru na springi zilizoongezwa anaelewa nazungumzia nini. Sasa chukua gari hilo hilo, toa mzigo, liingize kwenye kona ya udongo kwa spidi: wenzako gari zinalala upande mmoja kama mashua yenye upepo, wewe lako limesimama. Hapo faida ipo, hakuna anayebisha.

Upande wa Bill France, bosi wa NASCAR, hoja ni hii. Chama chenyewe kilikuwa hakijafika hata miaka miwili, kimesajiliwa Februari 1948. Mwaka wake wa kwanza kiliendesha mbio za magari yaliyochezewa, vile viford vya zamani vya miaka ya 30 vilivyofungwa injini za nguvu, kwa sababu viwanda vilisimamisha kutengeneza gari za raia wakati wa vita na gari mpya zilikuwa adimu, nani atakubali kuona jipya likigongwa gongwa uwanjani wakati watu wako foleni kulinunua. Kufika 1949 hali imelegea kidogo, ndo France akaja na wazo la mbio za gari kama lilivyotoka dukani. Mtu anakuja uwanjani anaona Buick, Hudson, Oldsmobile, Lincoln, anasema hilo ndo la jirani yangu, ngoja nione kama litamshinda la kwangu. Raha yote ya watazamaji ilikuwa hapo. Ukiruhusu kabari leo, kesho mtu anabadilisha kichwa cha injini, keshokutwa umerudi kwenye mbio zile zile za mwaka jana, na lile jina la kwamba gari ni la dukani linakuwa uongo mchana kweupe, tena siku ya kwanza kabisa.

Halafu France hakuwa peke yake sokoni. Bruton Smith, kijana wa pale pale Carolina, alikuwa na chama chake na yeye alikuwa anapigia debe mbio za gari za dukani. Angemuachia Dunaway ushindi, kesho yake Smith angekuwa na cha kusema. Na tuwe wakweli, mkaguzi hakumchagua Dunaway peke yake, Lincoln ya Roper nayo ilifunguliwa injini ikaangaliwa. Hilo kwangu lina uzito mkubwa, kwa sababu mara nyingi anayelalamika kuonewa hoja yake ni kwamba mbona yule hakuguswa.

Westmoreland hakukubali, akaenda mahakamani kudai dola 10,000. Mwisho wa mwaka huo huo jaji kule Greensboro akaitupa kesi. Watu huwa wanapita juu ya hii habari haraka lakini mi naona ndo kubwa kuliko mbio yenyewe, kwasababu chama chochote cha michezo ambacho hakiwezi kumfuta mtu bila kushindwa kortini hakina sheria, kina maombi. Kesi ile ingeenda upande mwingine sidhani NASCAR ingefika popote.

Haya, tuje upande wa Dunaway, na hapa ndo roho yangu inapouma.

Gari halikuwa lake. Inasimuliwa kwamba alifika uwanjani bila gari la kuendesha akapewa lile la Westmoreland pale pale. Dereva aliyekalia usukani wa gari la mtu mwingine siku hiyo hiyo, atajua saa ngapi kuna nini chini ya springi? Vumbi kala yeye, raundi 200 kapiga yeye, na jina lililofutwa ni lake. Mwenye gari alikuwa na pesa ya mwanasheria, dereva hakuna alichobaki nacho zaidi ya kile ambacho inasimuliwa madereva wenzake walimchangia mfukoni mwao. Ukiniuliza, hao wenzake ndo waliomuelewa vizuri kuliko wote, wao walikuwa ndani ya vumbi lile.

Tena zile raundi tatu alizomuacha Roper watu wanazitumia vibaya. Wanasema unaona, kabari ilimpa raundi tatu! Hapana. Bob Flock aliyeanza wa kwanza na Hudson yake injini ilimfia mapema. Bill Blair akaongoza muda mrefu na Lincoln, ikachemsha. Ya Roper mwenyewe ikaanza kuchemsha mwishoni akawa anaibembeleza tu ifike. Mbio ilikuwa ya nani gari lake litabaki hai, na Ford ya Dunaway ilibaki. Springi zimechangia kiasi gani hapo, hakuna wa kuzipima leo, ila kuzipa zote tatu ni kutomtendea haki.

Na kuna jambo la usalama ambalo France hakulitazama vya kutosha. Lee Petty, baba yake Richard Petty, dereva aliyekuja kuitwa Mfalme wa NASCAR, aliingia siku hiyo na Buick Roadmaster ya kuazima, ligari likubwa, zito, limetengenezwa lipepee taratibu kwenye lami na familia ndani, akapinduka nalo vibaya. Alitoka mzima, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini lile ndo gari halali, lile ambalo sheria ilikuwa inalitaka! Unamwambia mtu aingie na springi laini za kumpelekea mkeo kanisani kwenye udongo wenye mashimo, na aliyekaza springi ndo mkosaji. Mbona chama chenyewe hakikukaa muda mrefu kikaona hilo? Miaka michache tu baadaye Hudson walikuwa wanaweka kwenye katalogi yao vipuri vya kazi ngumu, vya kuimarisha chini ya gari, na kwakuwa viko kwenye katalogi ya kiwanda vikahesabika ni vya dukani. Gari likawa na nguvu zaidi kuliko lolote unalolikuta kwa muuzaji na bado ni halali. Yaani tofauti kati ya Dunaway na wale wa Hudson ni karatasi yenye namba ya kipuri.

Wapo wanaojibu kwamba ndo maana ya sheria, 1949 haikuruhusu na 1952 ikaruhusu, huwezi kurudi nyuma. Nakubali kabisa. Ila hapo inabidi tuwe na msimamo mmoja, na NASCAR yenyewe ndo haikuwa nao. Mwaka 1960, kule Wilson, uwanja mwingine mdogo wa udongo, Emanuel Zervakis alifutiwa ushindi kwa tanki la mafuta kubwa kuliko linavyoruhusiwa. Baada ya hapo mlango ukafungwa kabisa, miaka 62 hakuna mshindi wa ligi kuu aliyefutwa, mpaka dereva Denny Hamlin kwenye uwanja wa Pocono, Julai 2022. Katikati hapo mafundi hawakugeuka malaika. Oktoba 1983, Charlotte, mji ule ule, Richard Petty alishinda na injini iliyozidi kipimo na matairi yamefungwa upande usiotakiwa, akapigwa faini dola 35,000 na kukatwa pointi 104, ushindi akaachiwa. Hadi leo umo ndani ya zile mbio 200 alizoshinda maisha yake yote. Huyu ndo yule mtoto wa miaka 11 aliyekuwa uwanjani 1949 akimtazama baba yake akipinduka na Buick halali.

Sisemi Petty ni mwizi, nampenda sana Petty. Nasema ukimuweka pembeni ya Dunaway kitu kinakwama kooni. Mmoja injini imezidi, anabaki mshindi, anabaki Mfalme. Mwingine springi zimekazwa, gari sio lake, anafutwa mpaka nafasi ya 33.

Kwahiyo mi nasimama wapi? Gari kulifuta, France alikuwa sahihi. Nimejaribu kuona njia nyingine sijaiona, kwenye mbio ya kwanza, umeandika gari liwe la dukani, umekuta sio la dukani, utafanyaje. Na ile 1983 ndo ilikosewa, Petty ndo alitakiwa afutwe. Lakini adhabu ya 1949 ilimpiga aliyekuwa karibu badala ya aliyefanya. Kungekuwa na namna ya kumnyima Westmoreland fungu lake na kumfungia gari, huku dereva anapewa hata dola mia kadhaa za kuendesha, nadhani hata huo mchango wa wenzake usingehitajika.

Roper naye tusimlaumu. Alitoka Kansas akaiendesha hiyo Lincoln zaidi ya kilomita 1,500 hadi Charlotte, kisa aliona tangazo la mbio kwenye katuni ya gazeti, akashindana nayo, akaruhusu ifunguliwe injini. Alikimbia mbio mbili tu za ligi hiyo maisha yake yote, na moja inasomeka ushindi. Dunaway alirudi mara kadhaa kwenye miaka iliyofuata na hakuna hata moja aliyopewa.