Hatua ya muda: uipange mwenyewe au uiachie programu?

Umeme wa majumbani kwetu ni wa hezi 50: wimbi zima linapita kwa sekunde 0.02. Sasa fungua programu ya uigaji kama COMSOL, inayoiga matukio ya kifizikia kwa hesabu, na kwenye kisanduku cha muda andika kuanzia 0 hadi sekunde 1, kila baada ya 0.02. Grafu itatoka imenyooka kama rula. Hakuna kilichoharibika. Umelichungulia wimbi mara 51, na kila mara umelikuta palepale.

Wengi hapa huanza kulaumu hesabu. Lakini kisanduku kile, kwa kawaida, hakiamui programu inapiga hatua kubwa kiasi gani, yaani inaruka muda kiasi gani kati ya hesabu moja na inayofuata. Kinaamua matokeo ya nyakati zipi yahifadhiwe. Ndani kwa ndani huenda ilitembea kwa sekunde 0.001 na ikalipata wimbi vizuri kabisa. Ubishi wa "niweke muda gani" mara nyingi unachanganya mambo haya mawili.

Wanaosema programu iachiwe ijipangie hatua wana hoja nzito. Chukua kipande cha shaba kilichopashwa moto kinachopoa kwa dakika 10. Sekunde za mwanzo joto linabadilika haraka, za mwisho karibu limetulia. Programu inakadiria kosa lake kila hatua: likiwa dogo inarefusha mwendo, likiwa kubwa inarudi nyuma na kurudia kwa hatua fupi. Ukiibana itembee kwa sekunde 0.05 tangu mwanzo hadi mwisho, ni hatua 12,000, nyingi zikihesabu kitu kisichobadilika.

Haya, ongeza hita inayowaka kwenye sekunde ya 300, kwa sekunde 0.2 tu. Kufikia hapo programu imeshazoea kuruka labda sekunde 10 kwa mkupuo, na inajua kosa la pale ilipokanyaga tu. Itairuka hita, wala hutaona onyo lolote jekundu. Utapata grafu laini, nzuri, ya uongo. Habari ya hita unayo wewe. Basi iwekee ukomo wa hatua, au ilazimishe ikanyage 300 na 300.2.

Wanaopenda hatua isiyobadilika nao hawabahatishi. Ukilinganisha miundo miwili, hatua zikiwa zilezile huna wasiwasi kwamba tofauti imeletwa na mwendo wa programu. Na kuna njia za kuhesabu zisizokupa hiari: wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha tangu 1928 kwamba ukubwa wa hatua unafungwa na ukubwa wa gridi, yaani umbali kati ya nukta zinazohesabiwa. Kwa joto kwenye shaba, gridi ya milimita 1 inakuruhusu kama sekunde 0.0045, ipunguze iwe nusu milimita, hatua inashuka hadi robo ya hapo. Watu wa hali ya hewa wanaotumia WRF, programu ya kuigia hali ya hewa, wana kanuni yao ya mkononi: sekunde mara sita ya kilomita za gridi, yaani gridi ya kilomita 10, hatua ya sekunde 60. Njia nyingine hazina kifungo hicho, ila hesabu kutolipuka, yaani namba kutokua bila kikomo, hakuifanyi iwe sahihi.

Mimi naegemea kuiachia programu, kwa ukomo niliouweka mwenyewe, kisha naupunguza ukomo huo kwa nusu na kuendesha tena. Jibu likisogea, la kwanza nalitupa. Inakera, hasa saa nane usiku feni ya kompyuta ikivuma, lakini sijaona njia ya mkato.

Tukirudi kwenye umeme wetu: pointi 20 kwa kila wimbi ni sekunde 0.001. Uigaji wa sekunde 10 wenye namba milioni moja kila hatua, kwa baiti 8 kila namba, utakula gigabaiti 80 za diski ukihifadhi kila kitu. Programu na ipige hatua zake zote, ila mimi nahifadhi mawimbi mawili ya mwisho tu, pointi 41: megabaiti 328.