Kiroboto-maji anayestahimili sumu

Maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, yakitulia, juu yake hutanda utando wa kijani mzito kama rangi iliyomwagika. Ni Microcystis na jamaa zake, bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua. Samaki wakielea, kila mtu hushtuka. Viroboto-maji, vijinyama vidogo mno vinavyochuja chakula majini, wakifa hakuna anayejua, ingawa ndio mlo wa omena, yaani dagaa wa ziwani.

Wanaoulaumu utando huu hutaja kwanza sumu yake, maikrosistini. Mimi ningeanza na njaa. Microcystis hushikamana kwa ute, mabonge yakaziba vichujio vya kiroboto-maji, na anachofaulu kumeza hakina mafuta anayohitaji ili akue na kutaga. Bakteria wenyewe wakifa na kuzama, kuoza kwao humaliza oksijeni ya chini. Kome na konokono hawana pa kukimbilia.

Lakini Ziwa Victoria halikubali mshtakiwa mmoja. Ni kweli viroboto-maji wamepungua, na wadudu wengine wadogo, kopepodi, wametawala. Ila miaka hiyohiyo ya 1980 sangara aliwafyeka furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hili, omena wakaongezeka, na omena huwachagua viroboto-maji wakubwa kwanza. Kuna pia uduvi wa Caridina nilotica: badala ya kupungua, aliongezeka. Anavumilia maji yenye oksijeni haba, na humo sangara hamfuati kwa urahisi. Anayehesabu wadudu kwa jumla anaweza kabisa kusema ziwa halijambo.

Hoja inayowafariji wengi hutoka Ziwa Constance, Ulaya. Watafiti waliangua mayai ya viroboto-maji yaliyolala topeni kwa miongo, na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba vizazi vilivyokuja baada ya bakteria kuongezeka vilikistahimili chakula chenye sumu kuliko mababu zao. Ugunduzi mzuri, lakini unazungumzia spishi moja, tena katika ziwa ambalo fosforasi yake ilikuja kupunguzwa kwa makusudi. Huku kwetu mbolea na maji taka bado yanateremka na mito.

Halafu tusisahau kwamba mdudu anayeistahimili sumu anaweza kuendelea kuila na kuibeba tumboni. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mikrogramu 1 ya maikrosistini kwa lita, ni cha maji ya kunywa. Omena hatuwanywi, tunawala wazima, matumbo na yote.