Jezi orijino, stori feki

Kuna jezi ya Everton iko kabatini kwangu, sijaivaa hata siku moja na kuiuza siwezi, maana nikiiuza na mi nakuwa tapeli na nikiivaa mdogo wangu atanicheka mpaka Krismasi. Niliinunua 2021 kwa laki na themanini. Aliyeniuzia simtaji, ila alianza kwa kunitumia picha WhatsApp, jezi ya bluu, SportPesa kifuani, saini ya maka peni juu ya nembo, alafu ikafuata voisi noti ya dakika tatu. Kwamba hii ni ya Wayne Rooney ile siku Everton walipokuja uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia, kwamba shemeji yake alikuwa na kazi pale uwanjani, kwamba Rooney aliivua mwenyewe mlangoni pa vyumba vya kubadilishia nguo, akasaini, akampa.

Sasa shida ni kwamba siku ile nilikuwepo. Tarehe 13 Julai 2017, jua kali, nimekaa jukwaa la mzunguko na soda ya moto mkononi. Lile goli la mbali la Rooney nililiona kwa macho yangu, mechi yake ya kwanza tangu arudi Everton kutoka Man United, na yule jamaa aliyekatiza uwanjani akaenda kumkumbatia nilimwona pia, uwanja mzima ukacheka. Tuyisenge akawasawazishia Gor, mwisho Everton wakashinda 2-1, tukaenda kugombania daladala. Mtu akikuletea kipande cha siku kama ile hukai kuhoji shemeji ni nani na alikuwa anafanya kazi gani, unaanza kupiga hesabu ya nani wa kumkopa. Matapeli wanajua hili kuliko mimi na wewe. Hawamtafuti mjinga, wanamtafuta mwenye mapenzi.

Na ilikuja na cheti bwana. Karatasi ngumu yenye ukingo wa dhahabu, stika inayong'aa ukiigeuza, maneno ya Kiingereza makubwa kuonyesha kwamba kitu kimehakikiwa, na chini kuna saini ya mtu ambaye mpaka leo sijui ni nani. Nikakiwekea fremu! Cheti, sio jezi.

Kilikaa ukutani kama miezi minne hivi mpaka mdogo wangu alipokuja kutoka Morogoro. Huyu ni mtu wa magemu, jezi za ligi ya Uingereza anazijua mpaka aina ya kola. Akaitandaza kitandani, akaigeuza, akashika mkono wa kushoto akauliza, "Kaka, mechi ilikuwa mwezi wa ngapi?" Wa saba. "Basi hii sio yenyewe." Akanionyesha nembo ya Angry Birds kwenye mkono, wale ndege wa kwenye simu. Nikagugo pale pale. Everton walikuja kupata huo udhamini wa mkononi Septemba 2017, ligi imeshaanza. Rooney wa Julai pale Dar hakuwa na ndege yeyote mkononi. Mi hiyo nembo nilikuwa naiona kila siku, yani nilikuwa naifuta vumbi, na ndo ilikuwa inasema kila kitu.

Kinachoniuma zaidi, jezi yenyewe ni orijino kabisa. Mshono safi, lebo za ndani zipo, kitambaa kile chenyewe sio cha kuchuja. Nahisi ilitoka kwenye belo la mtumba, labda pale Mchikichini, maana ukienda na subira unakuta jezi halali kabisa za Ulaya za miaka ya nyuma, muuzaji anataka elfu nane na hajui ni timu gani wala hana mpango wa kujua. Yule hawezi kukudanganya kwa sababu hana stori ya kukuuzia. Ya kwangu ilikuwa elfu nane, mtu akaongeza maka peni, shemeji na cheti, ikafika laki na themanini. Kwa hiyo hapo mi nililipa elfu nane ya kitambaa na laki moja na sabini na mbili ya maneno.

Tangu hapo cheti hakinisisimui tena. Wamarekani, ambako hii biashara ni kubwa haswa, walishapigwa kabla yetu. Miaka ya 90 FBI walifanya upelelezi wakauita Operation Bullpen, Oktoba 1999 wakavamia genge lililokuwa California, kukawa na watu wanagushi saini za wachezaji kwa maelfu na kila mpira unaondoka na cheti chake. Tony Gwynn, nyota wa besiboli wa San Diego, alikuta saini zake za kughushi zinauzwa kwenye duka la timu yake mwenyewe. Na kati ya vitu vya lile genge kulikuwa na mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa. Nani alienda Calcutta na mpira wa besiboli? Lakini cheti kilikuwepo, sasa wewe nani ubishe.

Baada ya pale ligi yao ya besiboli ikaja na utaratibu mwaka 2001 ambao mi ndo naukubali: mtu anakaa uwanjani mechi ikichezwa, wengi wao ni polisi au wastaafu wa polisi, mpira ukitoka unakabidhiwa kwake, anabandika stika yenye namba hapo hapo na kuiingiza kwenye mfumo. Yani anayethibitisha ameona. Cheti changu mimi kilithibitishwa na mtu aliyekaa sehemu na printa. Simba na Yanga wangeweza kufanya hivi hata kesho kwenye dabi, jezi kumi tu, mtu mmoja na stika na simu ya kurekodi, na wangeuza kwa hela ya maana. Hawafanyi, jezi zinagawiwa kwa washikaji, baada ya miaka kumi kila mtu Kariakoo anayo ya goli lile lile.

Ila msidhani kwamba ukiwa mkweli tu inatosha. Angalia jezi ya Maradona wa Argentina ya Kombe la Dunia Mexico 1986, ya lile goli la mkono dhidi ya Uingereza. Steve Hodge wa Uingereza ndo aliyeupiga mpira vibaya ukamwendea kipa wao kwa juu na Maradona akafika kwanza na ngumi yake, alafu mechi ilipoisha huyo huyo Hodge akabadilishana naye jezi njiani kuelekea vyumbani. Hakuna dalali hapo wala shemeji, ni mikono miwili tu, na kwa miaka mingi jezi ilikuwa kwenye makumbusho ya mpira Manchester watu wanaiangalia. Inaenda mnadani 2022, binti yake Maradona akasema hiyo ni ya kipindi cha kwanza, baba alibadilisha mapumziko, na magoli yote mawili yalikuwa kipindi cha pili. Ebu fikiria. Hodge hajamdanganya mtu yeyote, na bado angeweza kuwa anauza kitu ambacho sicho bila yeye mwenyewe kujua.

Wakaenda kwenye picha. Na hapa uzembe wa Argentina ndo ukawaokoa wauzaji, maana zile jezi za siku ile zilinunuliwa dukani Mexico City kwa haraka kabla ya mechi, kisa zile walizokuwa nazo ni nzito kwa joto lile, nembo zikashonwa kwa mkono na namba zinazong'aa zikapigwa pasi mgongoni. Kitu cha haraka hakifanani na mwenzake. Nembo imekaa upande kidogo, mstari umekatika pahala fulani, namba imeegemea, wakalinganisha na picha za kipindi cha pili ikawa yenyewe. Ikauzwa pauni milioni 7.1 na Sotheby's. Wangekuwa na jezi za kiwandani zimenyooka zote sijui wangeziachanisha vipi.

Nilipoanza kuongea haya mtaani nikaletewa kesi nyingine ngumu. Kuna mzee mmoja jirani yetu ana jezi anasema ni ya Taifa Stars waliokwenda Lagos 1980, lile Kombe la Afrika letu la kwanza, tulifungwa na Nigeria, tukafungwa na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast. Anasema alipewa na mchezaji aliyekuwa rafiki yake, sasa marehemu. Jezi imekwisha, kola imelegea, kwapani kuna kiraka cha uzi wa rangi nyingine. Picha hana. Mi nimetafuta picha za timu ile, nilizopata ni nyeusi na nyeupe na hafifu, kiraka hakionekani.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, ulipewa lini hasa, walivyorudi au baadaye?" Akanitazama. "Mwanangu, sasa unataka niape?" Nikasema hapana mzee, samahani.

Namwamini, huyu mzee hajawahi kunidanganya hata bei ya kuku. Lakini mwezi uliopita mjukuu wake alinipigia kwamba babu anahitaji hela ya hospitali, wanataka laki tano kwa hiyo jezi, niwatafutie mteja kwenye magrupu. Nilikaa na simu muda mrefu. Nikatuma laki moja ya hospitali kutoka mfukoni kwangu, jezi nikasema ibaki kwa mzee kwanza, na kwenye grupu sijaandika kitu.